Kanzu ya Mwalimu Elia

Harufu ya nguo inayotaka kuungua huanza kwa utamu. Kabla moshi haujaonekana, kabla alama haijaingia, hupita harufu kama ya mkate uliokaa jikoni kidogo zaidi, na mtu asiyeijua anaweza kuipenda. Mimi naijua. Juzi alasiri nilikuwa uani nachambua mchunga, harufu ile ikanijia kutoka chumbani, nikajikuta nimesimama, mboga zote ziko chini, napiga kelele, "Inua! Inua pasi!" kama mtu aliyeona nyoka kitandani.

Mwanaidi aliinua pasi akanitazama. Ni mjukuu wa mdogo wangu Zaina, anakaa kwangu kwa ajili ya shule. Sketi yake ilikuwa salama.

"Bibi, ni sketi tu," alisema. "Nilikuwa nasoma huku napiga pasi."

Pembeni mwa pasi palikuwa na daftari lake la Kiingereza, limefunguliwa. Upande mmoja wa ukurasa vitenzi vimepangwa kwa mstari, upande wa pili vijineno ambavyo kila kitenzi hutembea navyo. Nilivuta kigoda nikakaa. Mara ya mwisho kuona maneno yamepangwa namna ile nilikuwa na umri wa Mwanaidi, na daftari lilikuwa mkononi mwa karani wa boma.

Kuna jambo sijapata kulisema kwa mtu yeyote. Watu wazima waliolijua wote wamekwisha kufa, na mimi nimelinyamazia muda mrefu hata watu wameniita mwanamke imara. Naliandika kwa ajili yenu wa rika langu, mliokula chumvi ileile ya wakati wa Mdachi. Hamtahitaji kuelezwa woga ulivyokuwa. Hamtanisamehe upesi pia, na hilo ndilo ninalolitaka.

Sisi tulizaliwa Kwaluguru. Baba alikufa kwa ndui, na mama akamfuata kabla mahindi ya msimu ule hayajavunwa. Nilikuwa mkubwa wa watoto watatu. Baada yangu alikuwa Mhina, kisha Zaina. Mama alipozidiwa alinishika kifundo cha mkono, akaniambia kwa Kizigua neno ambalo kwa Kiswahili ni hili: wasitawanyike. Hakusema niwapende, wala niwalishe. Alisema wasitawanyike tu, maana aliijua desturi na alimjua kaka yake.

Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto. Baada ya matanga alikaa na wazee mkekani wakatugawa: Mhina aende kwake akafukuze nyani shambani, Zaina aende kwa ndugu wa mama huko ng'ambo ya vilima, mimi nibaki na bibi mpaka nipate mume. Mjomba hakuwa mtu mbaya, ndivyo ilivyofanywa kwa yatima wote. Lakini mimi kifundo changu cha mkono kilikuwa bado kina joto la mama. Siku ya tatu, jogoo la kwanza, niliwaamsha wadogo zangu tukaondoka. Tulitembea siku mbili kwenda Korogwe. Niliwatanguliza mbele na mimi nikatembea nyuma yao njia nzima, maana fisi humchukua wa mwisho.

Mtakumbuka kwamba serikali ilikuwa ya Mdachi, lakini misheni ile tuliyoifikia ilikuwa ya Waingereza. Sisi hatukuona ajabu. Kwetu Mzungu alikuwa Mzungu. Wa boma alikuwa na kiboko, wa misheni alikuwa na kengele. Bibi mmoja wa misheni mwenye miwani alitupa kibanda cha kuni tulale, nikaingia darasani pamoja na Mhina. Nilisoma misimu miwili. Zaina akawa mgonjwa wa homa zisizokwisha, mtu wa kumkalia hakuwepo, na kibanda cha kuni kikawa kinavuja. Nikaacha shule kabla ya mtihani, nikaomba kazi ya kufua na kupiga pasi nguo za misheni ili tule.

Mjomba aligundua tulipo. Alituma salamu kwa mtu aliyekuja gulioni: baada ya mavuno anakuja kuchukua watoto wake, na mtoto wa kike anayelaza ndugu zake kwenye kuni hana la kujibu. Hapo nikajua ninachokihitaji. Nilihitaji chumba chenye mlango. Misheni ilikuwa na nyumba ndefu ya walimu yenye vyumba sita, na chumba walipewa walimu na wasaidizi wao, na usaidizi ulipatikana kwa mtihani. Kila mwaka padre mgeni alikuja kutoka pwani, meza ikawekwa barazani, madaftari yakapangwa juu yake, na watoto wakaitwa majina mmojammoja. Mimi nilikuwa nimejitoa mwenyewe kwenye majina hayo.

Hapo ndipo anapoingia Mwalimu Elia.

Alikuwa Mshambaa wa Mpale, mwembamba, mwenye pengo la jino la mbele lililomfanya apulize kidogo akitamka s. Kabla ya kuwa mwalimu alikuwa ameandaa meza ya Waingereza kwa miaka mingi. Alisimama ukutani na bakuli la mchuzi mkononi, akasikiliza. Alisema Kiingereza cha vitabuni kilimpa maneno, lakini ni mezani alikojua maneno yanaishi na nani. Basi akawa na daftari lake mwenyewe, ambalo hakuna Mzungu aliyempa. Kila kitenzi kilikuwa na ukurasa wake, naye aliuita ukurasa huo nyumba.

"Neno la Kiingereza ni kama mke wa mtu," alisema. "Usiulize anaitwa nani, uliza anakaa kwa nani."

Alasiri alikuja kwenye banda langu la kufulia, akakaa juu ya kapu la nguo lililopinduliwa. Mimi mikono yangu ilikuwa imejaa pasi na uwanga wa muhogo, kwa hiyo nilisema na yeye akaandika. Ndivyo nilivyoendelea na shule, kwa mdomo tu. Nilizifahamu nyumba zote. Nyumba ya *look*, kutazama, ilikuwa na wapangaji wengi: mmoja akiingia unatazama, mwingine akiingia unatafuta, wa tatu akiingia, *after*, unatunza mtu. Huyu wa tatu sikumshangaa hata kidogo. Neno lenyewe ni nyuma, na mimi nilikuwa nimetoka Kwaluguru nikitazama kutoka nyuma. Nyumba ya *keep* nayo niliipenda: humo walikaa pamoja kutimiza ahadi na kunyamaza kimya.

Siku moja nilimkasirikia. Nilikuwa nimeambiwa kwamba chai ina kitenzi chake na kufua kuna kitenzi kingine, wala havibadilishani.

"Kwa nini, Mwalimu? Vyote si kazi? Vyote si maji ya moto?"

"Wewe hapo unafanya nini sasa hivi?"

"Napiga pasi."

"Pasi imekukosea nini hata uipige?"

Mhina, aliyekuwa amelala kifudifudi mlangoni akitazama siafu, alicheka mpaka akajigaragaza. "Na magoti je? Kila Jumapili tunayapiga!"

"Na hodi tunaipiga," alisema Mwalimu. "Na picha. Na mbio. Sisi Waswahili ni wapigaji wakubwa, tunapiga hata vitu visivyo na mwili. Mwingereza naye ana ya kwake. Usimdai sababu, mzoee."

Kila nyumba ilihitaji sentensi. Sheria yake ilikuwa moja: nitunge kwa kitu ninachokiona kwa macho yangu, siyo cha kitabuni, maana hakuna aliyekuwa amewahi kuona theluji pale. Sasa, banda la kufulia lilikuwa mteremkoni. Chini yetu ilipita reli, ikavuka daraja la mto Lwengera, na upande wa kushoto ilionekana stesheni. Mimi nilitunga nilichokiona. Ninasubiri gari moshi. Zaina anawaogopa askari. Askari wanalitunza daraja: *The soldiers look after the bridge*. Mhina ni hodari wa kuhesabu mabehewa. Hii ya mwisho ilimfurahisha Mhina hata akataka isomwe kila siku, na ilikuwa kweli, alikuwa hodari.

"Umeshinda wanafunzi wangu wote walioko darasani," Mwalimu aliniambia mara moja, akiwa ameinamia daftari. "Siku ya mtihani, ujue, nitaomba uitwe hata kama umeacha. Wakikusikia mara moja tu, chumba utapata."

Sikulala vizuri tangu siku ile. Nilimhesabia mjomba siku zake za mavuno, na padre siku zake za kuja.

Kisha vita vikaja, nasi watoto tukajua kama watoto wanavyojua. Tuliambiwa viko mbali, baharini. Asubuhi moja askari wakaja na kuwachukua Waingereza wote wa misheni, pamoja na Bibi mwenye miwani aliyebeba kopo la maua. Walipandishwa behewa wakaondoka. Mpishi wa misheni alisema wamekwenda kupumzika. Nilimwamini, maana walionekana wamechoka. Darasa likafungwa. Mwalimu Elia alibaki, akazunguka misheni akifunga madirisha, na hakuja tena bandani. Mara moja tulipopishana aliniambia, "Lile daftari sikumbuki niliweka wapi," kisha akaenda zake haraka. Nilidhani anajilaumu kwa kupoteza kitu kizuri.

Siku chache baadaye nilisikia kengele ya shule. Nikatoka mbio na Zaina mgongoni. Barazani meza ilikuwa imewekwa, na juu yake madaftari yamepangwa. Nyuma ya meza alikaa mtu mgeni kutoka pwani, kanzu safi, koti jeusi, kalamu sikioni. Na daftari la nyumba za maneno lilikuwa juu kabisa ya marundo.

Yeyote aliyekua wakati ule atashangaa jinsi ambavyo sikuona. Askari wawili walikuwa wamesimama kwenye ngazi. Watu wazima wa misheni walikuwa wameinamisha vichwa kama wanaonyeshewa mvua. Mimi niliona meza, madaftari na mgeni wa pwani. Niliona mtihani. Nilidhani Mwalimu ametimiza ahadi yake.

"Nani hapa anaweza kusoma hili?" aliuliza yule mtu. Baadaye nilijua alikuwa karani wa boma, ajuaye Kidachi na Kiswahili, lakini si Kiingereza.

"Dada anaweza!" Mhina alipiga kelele. "Analijua lote!"

"Nyamaza, mtoto," mpishi alinong'ona, akamkanyaga mguu. Nilimchukia mpishi. Nilidhani ni wivu.

"Njoo, binti," alisema karani. "Usiogope. Soma."

"Shikamoo, bwana. Nisome kwa Kiingereza au nieleze na maana?"

"Vyote viwili. Polepole, nipate kuandika."

Nikamshusha Zaina, nikasimama wima kama walivyokuwa wakisimama wanafunzi, mikono nyuma. Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa nzuri, nakumbuka. "Ninasubiri gari moshi," nikatafsiri, kisha nikaongeza kwa kujionyesha, "Hapa, bwana, neno la kusubiri halitembei bila huyu mwenzake mdogo. Wengi hukosea."

"Mwenzake nimemwona. Endelea."

"Askari wanalitunza daraja."

"Wangapi?"

"Haikuandikwa, bwana. Lakini ni sita. Wanapokezana jua likifika kichwani."

"Sita," alisema karani, akaandika. "Vizuri sana. Wewe una akili."

"Mhina ni hodari wa kuhesabu mabehewa."

Kalamu ilisimama. "Mhina ni nani?"

"Mdogo wangu, yule pale." Mhina akatoa kifua mbele. Karani alimtazama, akatabasamu kidogo, akaandika.

Nilisoma ukurasa baada ya ukurasa, na mwisho akaniuliza, "Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wa Mwalimu Elia, bwana."

"Na nani alitunga?"

Hapa nawaomba msome taratibu. Jibu lilikuwa mdomoni, na lilikuwa neno moja. Lakini mnajua tulivyolelewa. Mtoto wa Kizigua aliyefunzwa hasemi *mimi* mbele ya mkubwa. Ukisifiwa kwa ugali, unasema ni mama aliyenionyesha; ukisifiwa kwa mkeka, unasema ni bibi. Anayejitaja mwenyewe anaonekana hana kwao. Nilitaka chumba kile kwa roho yangu yote, na nikajua kwamba mwenye adabu ndiye atakayepewa. Nikainamisha macho kama mama alivyonifundisha.

"Ni Mwalimu, bwana," nikasema. "Yote ni ya Mwalimu."

Karani alifunika wino. Akatoa mfukoni donge la sukari guru lililofungwa kwenye karatasi, akanipa. Nililigawa mara tatu, nikala langu palepale, na nikalamba vidole. Nilimuuliza mpishi chumba kitakuwa cha ngapi kutoka mwanzo. Aliniangalia kama mtu anayeangalia kisima kilichoangukiwa na mbuzi, akaingia jikoni.

Kesho yake mchana nilikuwa napiga pasi kanzu ya Mwalimu, ile ya Jumapili, bila hata kuombwa, kama shukrani. Nikasikia viatu vingi uani. Nikaiacha pasi pale ilipokuwa, nikatoka.

Alikuwepo Bwana Mkubwa wa boma mwenyewe, Mdachi mwenye masharubu yaliyolowa jasho, na karani, na askari wengi kuliko jana. Katikati alisimama Mwalimu Elia, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya katani. Mdomo wake ulikuwa umevimba. Ndipo macho yangu yalipofumbuka, kwa mara moja, kama mlango uliopigwa teke. Ule haukuwa mtihani.

Bwana Mkubwa alisema kwa Kidachi, na karani akatia Kiswahili kwa sauti ili wote tusikie.

"Bwana Mkubwa anasema: daftari hili limehesabu askari wa daraja na mabehewa ya gari. Anauliza, ni nani aliyetunga maneno haya?"

Mwalimu alitazama watu, akanifikia mimi. Alijua. Kila sentensi ilitoka kinywani mwangu ikaingia kwenye kalamu yake. Alinitazama kwa muda ambao mtu huhitaji kuvuta pumzi mara mbili, na sikuona hasira usoni mwake, na laiti ningeiona.

"Ni mimi," alisema. "Ni ya kufundishia tu."

"Na huyu Mhina aliyehesabu mabehewa?"

Mhina alikuwa nyuma yangu, ameshika nguo yangu.

"Mhina ni jina tu," alisema Mwalimu. "Uzigua kila nyumba ina Mhina."

Karani alimwona Mhina, nina hakika alimwona. Hakusema kitu. Bwana Mkubwa akauliza tena, na karani akatangaza: "Kwa mara ya mwisho. Kama kuna mwingine aliyetunga, aseme sasa."

Palikuwa na nafasi. Haikuwa ndogo. Ilikuwa kubwa ya kutosha mtoto wa kike kupita. Ningesema ni mimi, ni sentensi za mtoto anayepiga pasi, angalieni, ninaweza kuzisema zote bila daftari. Labda wangecheka. Labda wangenifunga nami. Sijui, na kutojua huko ndiko kunakonila. Mkono wangu ulikuwa umemshika Zaina, na nikaubana.

"Dada, unaniumiza," alisema Zaina.

Sikulegeza, na sikusema. Nilijiambia, wasitawanyike. Nilikuwa naishi katika nyumba ile ya Kiingereza niliyoipenda, mahali ambapo kutimiza ahadi na kunyamaza hulala chumba kimoja.

Ndipo harufu ikaja. Tamu, kama ya mkate. Mwalimu aliinua pua yake.

"Binti," alisema, kwa sauti ileile ya bandani, s ikipuliza kwenye pengo, "kuna kitu kinaungua huko kwako. Nenda kaangalie."

Kwa maneno hayo alinifungulia mlango, na mimi nikakimbia. Nataka niseme nilikimbia nikilia, lakini sikulia. Nilikimbia kwa nafuu. Niliinua pasi, na mgongoni mwa kanzu ilikuwepo alama ya kahawia, yenye ncha, umbo lote la pasi. Nilikaa chini pale bandani nikaikunja na kuikunjua, nikaikunja na kuikunjua, mpaka viatu viliposhuka mteremko kuelekea stesheni. Sikutoka kumtazama. Niliyeitazama reli kila siku ya Mungu, siku ile sikuitazama.

Hakurudi. Wengine walisema alifia safarini, akibebeshwa mizigo. Wengine walisema gerezani huko bara. Hakuna aliyemzika ninayemjua.

Na chumba nilikipata. Hili ndilo ambalo sijaweza kulimeza. Karani alinikumbuka, "yule binti mwenye akili", akaniita nipige pasi nguo za askari, na tukapewa chumba nyuma ya stesheni, chenye mlango na komeo. Mjomba alipokuja baada ya mavuno alikuta askari wanaingia na kutoka kuchukua suruali zao. Alisimama mbali, akanitolea salamu kama mtu mzima, akanywa maji, akaondoka. Wadogo zangu hawakutawanyika. Mhina alikua akawa fundi wa reli. Zaina aliolewa Kwamndolwa, ana wajukuu tele. Kila sikukuu wanasema mbele ya watu, "Dada ndiye aliyetushika pamoja," na watu wanapiga makofi, nami nainamisha macho. Wanadhani ni adabu.

Vita vilipokwisha na Mdachi kuondoka, mama mmoja mzee alishuka kutoka Mpale akauliza stesheni nzima habari za msichana aliyekuwa akipiga pasi misheni. Walimleta kwangu. Alikuwa na pengo lilelile. Nadhani ni meno ya ukoo. Alifungua kifurushi, na ndani yake ilikuwa kanzu. Mpishi alikuwa amempelekea vitu vya mwanawe.

"Mwanangu aliwahi kunisimulia habari zako," alisema. "Alisema hakuna anayejua kuinyoosha kama wewe. Nimeona niilete, ipigwe pasi, ili akirudi aikute iko tayari."

Nilimkaribisha, nikampikia bada, ugali wetu wa muhogo, na mchunga. Nikachemsha uwanga, nikatia mkaa kwenye pasi. Alikaa kwenye kigoda akinitazama, akagusa ile alama kwa kidole.

"Hii haitoki?"

"Haitoki, mama."

"Aliyeiunguza alikuwa mzembe."

"Ni mimi, mama," nikasema. Mara hiyo neno lilitoka upesi. Nikapiga magoti mbele yake, nikalia kama sijapata kulia tangu Kwaluguru. "Ni mimi, mama, nisamehe."

Alicheka, akanifuta uso kwa kanga yake. "We mtoto! Kanzu si mtu. Nimekusamehe zamani. Inuka, pasi itapoa."

Ningeweza kuendelea. Alikuwa ameushika uso wangu kwa mikono miwili. Nami niliupokea msamaha wa kanzu, nikauweka juu ya lile jingine kama kifuniko, nikanyamaza. Alinishukuru kwa chakula. Akaja tena mwaka uliofuata baada ya mavuno, na uliofuata, na ndizi za milimani na kanzu kwenye kifurushi, na kila mwaka niliipiga pasi naye akanibariki, mpaka mwaka ambao miguu yake haikushuka tena na kanzu ikabaki kwangu. Wenzetu wa Kiswahili husema mtu ameona aibu. Ni kweli, huonekana. Yangu ni nyeupe, ina mikono mirefu, iko sandukuni.

Basi juzi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda hicho hicho, na Mwanaidi ananisogezea daftari. Wanatakiwa watunge sentensi, moja kwa kila neno na mwenzake. Amekwama kwenye *look after*.

"Bibi, wewe si ulisoma kidogo misheni? Nipe moja. Lakini isiwe ya kitabuni, Mwalimu hataki ya kitabuni."

Nikaisema, kwa matamshi ambayo hata mimi nilishangaa kuyasikia, s ikipuliza kidogo kama alivyotamka yeye. *The soldiers look after the bridge.*

"Askari gani, Bibi?"

"Andika tu. Walikuwa sita."

Akaandika. Mwandiko wake ni mzuri, umelala upande mmoja. Akasoma tena chini kwa chini, akaridhika, kisha akatafuna ncha ya kalamu.

"Mwalimu atajua si yangu. Akiuliza nani ametunga, niseme nani?"

Mkaa ulikuwa umeanza kuwa majivu ndani ya pasi. Nje gari moshi la jioni lilikuwa linavuka daraja, na niliyahesabu mabehewa yote mpaka likaisha.

"Sema ni mimi," nikamwambia.

"Haya," alisema Mwanaidi, bila kuinua kichwa, akafungua ukurasa mwingine.